Usiku wa Kwetu Ndio Mchana wa Ndege za Mbali

Hotuba niliyoitoa Moshi mbele ya madereva wa watalii, waongoza wageni na wenye kampuni ndogo za utalii. Nimeiandika kutoka kwenye karatasi zangu na kumbukumbu. Utani mwingine nimeuacha ukumbini.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Wapishi na wagumu, ninyi wabeba mizigo, mlioshuka mlimani jana na leo mmekuja hivyo hivyo na macho mekundu, poleni na kazi. Wengi hapa mnanijua kwa sura, maana kwa miaka 19 nilikuwa napita njia panda ya KIA, uwanja wetu wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, saa ambazo mtu mwenye kitanda chake amelala. Kazi yangu haikuwa ya kuonekana. Nilikaa kwenye chumba cha kupanga safari za ndege, napiga hesabu ya upepo, uzito na mafuta, nampa rubani karatasi, anasaini, anaondoka. Ikifika salama hakuna anayekukumbuka, na ndivyo inavyotakiwa.

Nimeombwa niongelee ukarabati wa viwanja vya ndege na namna unavyovuruga safari za mbali. Sasa nilipofika hapo getini, dereva mmoja mtu mzima alinishika mkono akasema, "Mama, kabla hujapanda jukwaani nijibu moja. Hiyo lami si waipake usiku watu wamelala?" Nikamwambia, mzee wangu, hilo swali lako ndiyo hotuba yenyewe. Yule pale mstari wa mbele, mwenye kofia ya kahawia.

Mzee wangu, usiku ni wewe unayelala. Chukua ndege ya KLM inayotoka Amsterdam, ambayo ninyi nyote mmeshaisubiri na kibao mkononi. Kwa miaka mingi imekuwa ikiondoka Ulaya asubuhi, inakaa angani kama saa nane, inatua KIA jioni giza limeshaingia. Inashusha, inapakia, inaruka kwenda Dar es Salaam, halafu usiku ule ule inarudi Ulaya ili ifike asubuhi. Haikuchagua jioni kwa kupenda nyota za kwetu. Asubuhi ya Amsterdam ndiyo wanatua wageni waliolala kwenye ndege kutoka Marekani, wanabadilisha ndege, wanakuja kwako. Na ile inayorudi lazima ifike asubuhi ili wenye kwenda mbele zaidi wapate ndege zao. Ukiisogeza saa nne tu unakata kamba pande zote mbili. Tena pale Amsterdam nafasi ya kutua ina dakika yake. Ukiikosa huwezi kwenda dirishani kuomba nyingine kama tiketi ya basi la Tanga.

Ndege ndogo za kwenda Serengeti hazina shida na lami ya usiku. Zinaruka mchana kutoka Kisongo, ule uwanja mdogo wa Arusha, jua likizama zimelala. Kwa hiyo uwanja ukitangaza kwamba njia ya kurukia itafungwa usiku kwa matengenezo, anayeumia ni yule anayetoka mbali, na huyo ndiye anayelipa mshahara wa watu waliomo humu.

Hebu tuseme, kwa mfano tu, KIA inafungwa kila siku saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Ndege yako inatakiwa kutua saa mbili usiku. Kwa karatasi hakuna tatizo, una saa tatu nzima kabla ya kufungwa. Lakini siku Amsterdam kuna theluji, au abiria mmoja kaugua ikabidi mizigo yake itafutwe na kushushwa, ndege ikachelewa saa tatu na dakika kumi. Zamani kuchelewa huko kungekugharimu chai mbili na maandazi pale nje. Sasa unakuta ukuta. Saa tano na dakika kumi magreda yako katikati ya njia, lami ya zamani imeshakwanguliwa, na hakuna mtu duniani atakayewaambia watoke kwa ajili ya ndege moja.

Watu huniuliza kwa nini kazi yenyewe inachukua miezi. Njoo tupige hesabu nyuma ya bahasha. Njia ya KIA ina urefu wa mita 3,600 na ushei, upana mita 45. Hizo ni mita za mraba 162,000. Ukiweka tabaka jipya la sentimita tano tu, unahitaji mita za ujazo 8,100 za lami, na lami iliyoshindiliwa ina uzito wa kama tani mbili na nusu kasoro kidogo kwa kila mita ya ujazo. Unapata zaidi ya tani 19,000. Kwa malori ya tani 20, ni malori zaidi ya 950. Barabara ya Arusha kwenda Holili mnaijua, na foleni ya lori moja lililoharibika pale Kikatiti mnaijua pia.

Na zile saa sita za kufungwa hazifiki saa sita za kazi. Ndege ya mwisho ikishaondoka ndipo mitambo inaingia na taa zake. Wanakwangua, wanafagia, wanamwaga lami inayofika ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi, wanashindilia, wanaiacha ipoe. Ukiruhusu ndege kubwa ikanyage lami ambayo bado laini, matairi yanaacha mifereji na kesho unaanza upya. Mahali walipoishia usiku huo, lami mpya iko juu kuliko ya zamani, kwa hiyo wanatengeneza mteremko mdogo wa muda ndege isijikwae ikiwa mbioni. Kesho yake usiku mteremko huo wanaukwangua tena. Halafu wachore mistari, wakague taa. Kazi halisi ya kumwaga lami inabaki saa tatu, nne ukijitahidi.

Niliwahi kusimama kando ya njia ya namna hiyo, kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja, saa kumi na nusu alfajiri. Mitambo ilikuwa imetoka. Wakabaki wanaume kama ishirini wamejipanga mstari mmoja kutoka ukingo mpaka ukingo, kila mtu na tochi, wanatembea polepole wakiinama kama watu wanaookota maharage. Gari la kufagia lilikuwa limeshapita mara mbili. Bado yule wa tano kutoka kushoto aliinuka na nati ya chuma kubwa kama gololi, akaitia mfukoni, akaendelea. Msimamizi wao akaniambia hiyo nati ingemezwa na injini. Nilikumbuka ile ndege ya Concorde ya Paris mwaka 2000: kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine kilipasua tairi, tairi likapasua tangi la mafuta, wakafa watu 113. Ndiyo maana nikisikia abiria analalamika kwamba uwanja umechelewa kufunguliwa dakika ishirini, mimi nanyamaza.

Mwaka huo huo wa 2000, Oktoba 31, pale Taipei, ndege ya Boeing 747 iliyokuwa inakwenda Los Angeles ilijipanga kuruka usiku, mvua na upepo wa kimbunga. Zilikuwepo njia mbili sambamba, moja imefungwa kwa matengenezo. Marubani wakaingia ile iliyofungwa bila kujua, wakaongeza mwendo, wakagonga mitambo ya ujenzi. Walikuwa watu 179, wakafa 83. Hiyo si habari ya kuwatisha wageni wenu, tafadhali msiwasimulie kwenye gari. Nawaambia ninyi ili mjue kwa nini waongoza ndege wanakuwa wakali kuhusu njia yenye mafundi.

Kuna njia ya pili: funga kabisa, maliza haraka. Nigeria walifanya hivyo. Uwanja wa Abuja ulikuwa na njia moja tu, kama KIA. Ilipochakaa mno, wakaufunga Machi 8, 2017 kwa wiki sita, safari zote zikahamia Kaduna, na abiria wakawa wanapelekwa Abuja kwa basi, kama kilomita 190, kwenye barabara iliyokuwa na sifa ya utekaji. Mashirika makubwa ya Ulaya yakakataa kwenda Kaduna. La nje lililokubali ni Ethiopian peke yake. Kazi ikaisha siku moja kabla ya tarehe, na ndege ya Ethiopian ikawa ya kwanza kutua kwenye lami mpya. Mimi nawavulia kofia waliofanya uamuzi ule, maana kukwangua usiku kwa miezi kungeweza kuwa hatari zaidi. Ila wao walikuwa na Kaduna.

Sisi Kaduna yetu ni ipi? Kisongo? Wenzetu wa Arusha wanacheka, wamekumbuka Desemba 18, 2013. KIA siku hiyo ndege ndogo ilipata tatizo la tairi ikakaa katikati ya njia. Boeing 767 kutoka Addis Ababa ikawa inasubiri angani. Ikaishia kutua Kisongo, kwenye njia ya mita 1,620, isiyofika hata nusu ya ile ya KIA. Viwanja vyote viwili njia zake zina namba zile zile, 09 na 27, maana vyote vimelala mashariki na magharibi, ni rahisi rubani kuvichanganya. Ilisimama, watu wakashuka salama, magurudumu yako kwenye nyasi. Siku chache baadaye iliruka ikiwa imepunguzwa uzito, na nusu ya mji walikwenda kuangalia. Kwa hiyo Kisongo tuiache na ndege zake ndogo.

Wengine hufunga nusu ya njia na kuacha nusu ifanye kazi. Hapo tatizo ni joto na mwinuko. KIA iko mita 894 juu ya bahari, mchana wa Februari hewa ni moto na nyepesi, injini inapumua kwa shida na bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi kuinua mzigo ule ule. Mwendo mkubwa unataka njia ndefu. Ukikata njia, unapunguza mzigo, na mzigo ni watu, mabegi au mafuta.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lilinifanya nikubali kuja. Matengenezo yanayokuharibia kazi mara nyingi hayako KIA kabisa.

Ndege hairuhusiwi kuja na mafuta ya kufika tu. Inabeba ya kufika, ya akiba ya njiani, ya kwenda kiwanja mbadala kama hapa hapatuliki, na juu yake ya kuzunguka dakika 30 za mwisho ambazo hazitakiwi kuguswa. Kwa KIA, kiwanja mbadala kilicho karibu kwa ndege kubwa ni Nairobi, kama kilomita 235. Mombasa ni karibu 290. Dar es Salaam ni kama 450. Na Nairobi nayo ina njia moja.

Basi niko chumbani kwangu, usiku wa zamani, nafungua matangazo, nakuta Nairobi wamefunga njia yao usiku kwa matengenezo. KIA hakuna hata kokoto iliyoguswa. Lakini Nairobi haifai tena kuwa mbadala saa hizo. Mombasa hali ya hewa mbaya. Nahamia Dar. Hizo ni zaidi ya kilomita 200 za ziada, tuseme dakika 15 au zaidi, na ndege kubwa ya injini mbili inakula tani tano mpaka saba za mafuta kwa saa. Naongeza karibu tani mbili. Kuzibeba tani hizo saa nane nzima nako kunakula mafuta, karibu robo yake inaishia njiani kwa kujibeba tu. Ndege ikiwa imejaa na inakaribia uzito wake wa mwisho, tani mbili ni kama abiria ishirini na mabegi yao. Watu hatuwaachi kwa urahisi. Tunaanza na mizigo. Ndipo mgeni wako anashuka KIA mikono mitupu, viatu vyake vya kupandia viko Ulaya, na wewe unazunguka Moshi kumtafutia vya kukodi namba 46.

Na wafanyakazi wa ndege nao wana saa zao za kisheria. Wakihamishiwa Mombasa usiku wa manane na saa zimeisha, hawawezi kukurudishia wageni alfajiri hata njia ikifunguliwa. Lazima walale kwanza.

Nilijua haya yote kwa miaka 19 nikiwa upande wa pili wa kioo. Nilipostaafu nikaanza kumsaidia mdogo wangu kwenye kampuni yake ya kupandisha wageni, ndipo nikayajua kwa ngozi. Tulikuwa na wageni wanne, wanapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku saba. Walikuwa wanapitia kiwanja kikubwa cha nje ambacho kilikuwa kinatengeneza njia moja kati ya zake. Ndege yao ya kwanza ikazunguka angani kungoja zamu, ikakosa kuunganisha kwa dakika chache, na ndege za kuwaleta huku zilikuwa zimepunguzwa kwa sababu ya matengenezo hayo hayo, kwa hiyo nafasi ikapatikana kesho yake. Dereva wetu alisimama pale nje na kibao, majina yameandikwa kwa kalamu nene, jina moja limekosewa likafutwa likaandikwa tena. Alisimama mpaka mtu wa mwisho akatoka.

Asubuhi, wagumu 13 wako lango la Machame na mizigo. Mpishi ana trei mbili za mayai na kuku watatu waliochinjwa, anawaangalia kama mtu anayeangalia saa. Tulipowapata wageni, siku saba zikawa sita. Mnajua maana yake: hamlali kambi ya Karanga, ule usiku wa mwili kuzoea mwinuko. Mnatoka kambi ya Barranco moja kwa moja mpaka kambi ya Barafu. Mgeni wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alifika Barafu kichwa kinampasuka, hakula, akatapika, mwongozaji akamshusha usiku ule ule. Alifanya sawa kabisa. Lakini usiku wa Karanga ulichukuliwa na lami iliyokuwa inamwagwa maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Nani atamlipa? Sheria ya Ulaya inatoa fidia kwa safari zake, lakini shirika likishakutaarifu wiki mbili kabla kwamba ratiba imebadilika, fidia hiyo haidaiwi. Na matengenezo hutangazwa mapema. Wewe mwenye wagumu 13 sheria hiyo haikujui kabisa.

Hilo la kutangazwa mapema ndilo la kushika. Mabadiliko makubwa ya viwanja hutolewa kwa mzunguko wa siku 28, dunia nzima. Ya karibu hutoka kama tangazo fupi, tunaliita NOTAM. Halina siri, liko wazi kwenye intaneti. Lina herufi: B ni linaanza lini, C linaisha lini, D ni saa za kila siku, E ni maelezo. Ukikuta kwenye E "RWY 09/27 CLSD", njia imefungwa. "WIP" maana yake kuna kazi inaendelea.

Sasa jihadharini na D. Saa zake si za kwetu, na wala si za Kiswahili. Ni saa za dunia, zinazofuata Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu. Kijana mmoja mwerevu kabisa aliona 2000 mpaka 0200, akasema, "Dada, wanafunga saa mbili usiku." Hapana. 2000 ya tangazo ni saa tano usiku ya Moshi, na 0200 ni saa kumi na moja alfajiri. Aliwahamisha wageni sita ndege bila sababu. Andikeni ukutani ofisini: ongeza tatu, halafu ndiyo ugeuze kwa saa zetu.

Na msisome la KIA peke yake. Someni la Nairobi, la Dar, na la kile kiwanja wageni wenu wanapobadilishia ndege. Mwaka 2019 Dubai ilifunga moja ya njia zake mbili siku 45, kuanzia katikati ya Aprili, na tarehe zilijulikana muda mrefu kabla. Mimi nikikuta kitu kama hicho sasa, namwandikia mgeni siku hiyo hiyo aongeze usiku mmoja Moshi kabla ya kupanda. Akikataa, namuuzia njia ya siku nane, ikikatika moja abaki na saba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona mzee wangu wa kofia ya kahawia amenyoosha mkono, na kwa haki ndiye aliyeanza. Mzee?

"Mama, nimekuelewa. Sasa usiku huo wa kufungwa, ndege imechelewa, mimi niko Boma Ng'ombe na gari. Ningoje au nirudi Moshi?"

Fungua simu, mzee, uifuatilie ndege kwenye ramani. Ikiwa imeshapita Nairobi na haijafika hata saa nne na nusu, nenda uwanjani. Ukiiona inageuza pua kuelekea Mombasa, zima gari, rudi nyumbani ukalale, simu uiweke kwenye chaji. Haiji kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na kama marubani wamemaliza saa zao, ni kesho jioni. Mpigie mpishi usiku ule ule, kabla hajachinja kuku.